Kano ya Kidole cha Shahada

Tangu nirudi mmeniuliza wengi, ofisini, kisimani, hata msibani, na wote nimewajibu "namshukuru Mungu" kisha nikageuza mazungumzo. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Nimekaa zaidi ya miezi miwili mbali na shule. Niliondoka na mdogo wangu Hamisi, nimerudi bila yeye. Mmefundisha vipindi vyangu vya darasa la kwanza bila kulalamika, basi mnastahili kuelezwa habari yote, hata ile isiyopendeza. Naandika kwa mkono wangu wa kulia. Mwandiko si ule mliouzoea, mtanisamehe.

Kwa wale waliohamia shuleni mwaka huu, nieleze kwanza maradhi yenyewe. Miaka miwili iliyopita tulikuwa tunakata matawi ya migunga kuzungushia shamba ili mbuzi wasiingie. Mimi nimeshika tawi, Hamisi ana panga. Panga likatua kwenye kifundo cha mkono wangu. Jeraha lilishonwa, likafunga, watu wakasema limekwisha. Lakini mshipa wa fahamu uliokatika ndani haukurudi. Nofu la chini ya kidole gumba likanywea taratibu mpaka mfupa ukaonekana chini ya ngozi, na gumba lenyewe likalala ubavuni mwa kiganja, haliwezi kuja mbele kukutana na vidole vingine. Jaribuni kufunga kifungo cha shati bila gumba, au kushika chaki, au kumshika mtoto wa miaka sita mkono na kumwonyesha penseli inavyokaa. Nilikuwa nashika kikombe kwa mikono miwili kama mgonjwa wa homa. Na ncha za vidole zilikuwa hazihisi kitu. Mara mbili nimenusa nyama ikiungua jikoni nikakuta ni mimi.

Mama yangu, mnamjua, si msemaji. Siku ile alimwambia Hamisi neno moja tu: "Umemkata mwenzio riziki." Hakulirudia. Tangu hapo Hamisi akawa anakula peke yake, nje, na hakushika panga tena. Niliposikia kwamba yupo daktari mpasuaji wa mikono anayefika Dodoma kwa siku chache kisha anaondoka, Hamisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Tutakwenda wote, dada."

Nyumbani hadi Kondoa mjini

Tulitoka alfajiri kwa pikipiki mbili. Ulikuwa mwezi wa tatu, na mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha. Tulipofika korongoni tukakuta maji mekundu yamejaa ukingo hadi ukingo, yanabeba magogo na ndoo ya mtu. Upande huu tulikuwa watu kumi na kitu, ng'ambo ile wengine, tunatazamana, na hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake.

Karibu yangu alikaa mzee mmoja mfuga nyuki, anapeleka asali mjini. Ilipofika saa tano njaa ikatushika, naye akafunua sufuria yake akaanza kutugawia masega. Nikanyoosha mkono wa kulia kwa adabu kama nilivyofunzwa. Sega likaniteleza likaanguka mchangani. Mzee akanitazama, nadhani aliona nimelikataa.

"Binti, asali yangu ni safi," akasema.

Kabla sijajibu, Hamisi akasema, "Mzee, mkono wake una kilema. Mimi ndiye niliyemkata."

Hivyo tu, mbele ya watu wote, kama mtu anayetaja jina la baba yake. Mzee akakata kipande kingine akaniwekea kwenye kiganja cha kushoto. Hamisi hakupewa. Sijui kama mzee alisahau.

Maji yalipungua saa kumi jioni. Tukavuka yakiwa mapajani, pikipiki zimebebwa mabegani na wanaume sita. Basi la mwisho la Dodoma lilikuwa limeshaondoka, tukalala Kondoa. Nilipoamka kesho yake Hamisi alikuwa ameketi mlangoni, amevaa viatu, begi liko mapajani.

Kondoa hadi Dodoma

Barabara siku hizi ni lami, nami nilijiambia kwamba baada ya korongo lile hakuna tena cha kutuchelewesha. Tulipopita Haneti basi likaanza kutoa mvuke mbele. Mpira wa rejeta umepasuka. Tukashushwa, tukakaa kwenye majani saa tatu nzima tukisubiri mwingine uletwe. Wanawake wa hapo wakatuletea mahindi ya kuchemsha. Hamisi alinipukuchulia muhindi wangu, punje kwa punje, akiniwekea kwenye kanga, bila kunitazama usoni. Nilitamani aache. Nilitamani pia asiache, maana nilikuwa na njaa.

Hospitalini tulifika jua limeelekea magharibi. Muuguzi wa kliniki, mama mpole mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa anafunga madirisha.

"Pole mama, daktari kaondoka saa sita," akasema. "Atarudi baada ya wiki tatu."

Nikahesabu kichwani: mchana mmoja wa korongo, saa tatu za mpira wa rejeta. Nikakaa kwenye benchi nikalia, mwalimu mzima na nguo zangu za safari. Muuguzi akaja akakaa karibu yangu, akanishika mkono, akaugeuza huku na huku. Akatueleza ili tusiondoke hivi hivi.

"Mshipa wa fahamu ukikatika muda wote huo, hautarudi tena. Kwa hiyo daktari anatumia ujanja. Anachukua kano kwenye kidole kizima, anaihamishia kwenye kidole kibovu. Kano ndiyo kamba inayovuta kidole. Kitafanya kazi. Ila ukija usije peke yako. Lazima uje na ndugu."

"Ndugu ni mimi," Hamisi akasema.

"Vizuri. Basi na wewe ujiandae."

Niliyasikia maneno hayo kama mlivyoyasikia ninyi sasa. Sikujua mwenzangu ameyasikia vingine.

Makutupora

Kurudi nyumbani kuvuka korongo lile na kuja tena lilikuwa jambo la kichaa. Nikamkumbuka Mama Nyemo, mjane wa mwalimu mkuu wangu wa kwanza, ambaye baada ya msiba alirudi kwao Makutupora. Tulimkuta uani akipepeta uwele. "Mbukwenyi!" akatuamkia kwa Kigogo, nami nikabaki natabasamu kama mjinga kwa kutojua kiitikio. Akacheka, akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo huijui pia?" Nikampa shikamoo yake kwa haraka.

Alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Siku ya pili alikamata jogoo, akaleta na kisu, akampa Hamisi. "Mwanangu, ninyi Waislamu mna utaratibu wenu. Chinja wewe, ili wote tule kwa amani." Hamisi akakipokea kisu. Akakishika kidogo, kisha akakiweka chini kwenye kigoda. "Nitamtafuta jirani," akasema, akatoka. Mama Nyemo alidhani amemkosea dini. Ilinibidi nimweleze, na nilipomaliza akatazama mlangoni. "Huyo ndugu yako hali vizuri," akasema. Kweli alikuwa hali vizuri, lakini nadhani hakuwa anazungumzia chakula.

Ulikuwa msimu wa kuvuna zabibu. Kila asubuhi watu walipita na ndoo kwenda mashambani, nasi tukaenda nao. Zabibu huvunwa kwa mkasi mdogo: unashika kichala kwa mkono mmoja, unakata kikonyo kwa mwingine. Nilijaribu mkasi kwa mkono wa kushoto, kichala nikikishika kwa ule wa kulia usiohisi. Vichala vitatu vya kwanza vilianguka vikapondeka. Msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya majani, akanijia taratibu. "Dada, pumzika kivulini," akasema, na hakuwa mkali. Nikakaa kivulini siku zile zote, nikimtazama Hamisi akivuna mistari miwili, wake na wangu.

Jioni moja tunarudi, akaniuliza, "Dada, mtu akitolewa kano kwenye kidole, anaweza kuvuna zabibu?"

"Nadhani ataweza. Inategemea kidole gani."

"Na jembe?"

"Hamisi, jembe la nini? Mimi ni mwalimu."

Nilidhani ananihurumia mimi.

Wodini

Wiki ya tatu ilipotimia nikalazwa. Jioni hiyo Mama Nyemo alituletea uji na viazi. Mimi niliambiwa nile mapema, kisha nisitie kitu mdomoni mpaka upasuaji. Hamisi alisema ameshiba. Nilimwona kanuna, nikamwacha.

Asubuhi daktari akaja na wanafunzi wawili. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidogo, mikono yake midogo kama ya mshonaji. Akachukua kalamu akachora mistari kwenye mkono wangu huku akizungumza.

"Kidole cha shahada kina kano mbili za kukinyoosha. Moja inakitosha. Hii ya pili nitaikata hapa mgongoni mwa kiganja, niipitishe huku upande wa kidole cha mwisho, niivushe kiganjani, niishone kwenye gumba. Halafu wewe na ubongo wako mtakuwa na kazi ya kujifunza. Kuna swali?"

Hamisi alikuwa amesimama ukutani. Akasogea mpaka kwenye kitanda, akakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, akaunyoosha mkono wake mbele ya daktari.

"Daktari, kano zangu ni nzima zote. Nimefunga tangu jana mchana kama inavyotakiwa. Chukueni mkono wowote mnaoutaka. Mimi natumia wa kulia, lakini si kitu, chukueni huo."

Mwanafunzi mmoja alicheka kwa pumzi kisha akajizuia. Daktari hakucheka.

"Nani kakwambia tunachukua kwako?"

"Mlisema kidole kizima. Mkasema ndugu ajiandae."

"Kujiandaa kumuuguza, bwana. Kidole kizima ni chake yeye, mkono ule ule. Kano ya mtu mwingine haikubaliki mwilini mwake. Ya kwako haitufai."

"Haiwafai," Hamisi akarudia.

Akashusha mkono wa shati. Akafunga kifungo chake polepole, gumba na kidole cha shahada, nami nikayatazama yale mambo mawili kwa pamoja: vidole vinavyofunga kifungo, na uso wa mtu aliyekuja na kitu cha kutoa akaambiwa hakihitajiki. Wiki tatu alikuwa amevuna zabibu akiuaga mkono wake.

Nilikuwa na neno la kumwambia. Nilikuwa nimelibeba miaka miwili, na pale ndipo palipokuwa mahali pake. Lakini kitanda cha magurudumu kilikuwa kimeshaingia. Nikasema tu, "Nenda ukale, Hamisi."

Walinichoma sindano ya ganzi kwapani. Mkono ukapata joto, ukawa mzito, kisha ukawa si wangu. Wakaweka pazia la kijani kati yangu na wao. Sikuhisi maumivu, ila nilihisi kuvutwa, kama mtu anapovuta uzi kwenye nguo uliyoivaa. Nyuma ya pazia walizungumza habari za maji kukatika mtaani kwao. Nilitaka kuwaambia wanyamaze, kisha nikaona ni afadhali wazungumze, maana wakinyamaza nitajisikia mwenyewe.

Niliporudishwa wodini mkono umefungwa plasta mpaka karibu na kiwiko, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Kwenye kitanda cha jirani palikuwa na mama wa Mpwapwa akimuuguza binti yake aliyeungua moto. Yeye ndiye aliyenifuta uso, akanifunga kitambaa kichwani, akanishikilia kikombe cha chai.

"Ndugu yako yuko wapi?" akaniuliza.

"Amekwenda kula."

Nilimjibu hivyo siku ya kwanza. Siku ya pili akauliza tena nikamjibu hivyo hivyo. Siku ya tatu hakuuliza.

Makutupora, mara ya pili

Mama Nyemo alinieleza nilipofika. Hamisi alikuja siku ile ile ya upasuaji, mchana, akachukua begi lake, akamshukuru kwa kupiga goti kama mtoto. "Naenda bwawani Mtera," akamwambia. "Huko wanatafuta watu wa kuvuta nyavu. Mwangalieni dada." Simu yake ilikuwa imezimwa.

Plasta ilikaa wiki nne. Sitaki kuwachosha na wiki hizo. Mtu mwenye mkono mmoja hugundua kwamba ulimwengu umetengenezwa kwa ajili ya wenye miwili, kuanzia kufungua chupa ya maji mpaka kujistiri. Mama Nyemo, ambaye ni mkubwa kuliko mimi kwa miaka ishirini, aliniogesha. Kila Ijumaa mama yangu alipiga simu. "Hamisi anakuuguza vizuri?" aliuliza. "Vizuri, mama." Nikajua jinsi uongo unavyozidi kuwa mwepesi kila unapourudia.

Plasta ilipotolewa nilitazama mkono mwembamba, ngozi imekauka inatoka magamba, gumba limelala pale pale. Dada wa mazoezi, msichana mwenye miwani asiye na haraka, akaniketisha mezani.

"Usilifikirie gumba, mwalimu. Likifikiriwa haliji. Nyoosha kidole cha shahada, kama unamwonyesha mgeni njia."

Nikanyoosha. Hakuna kitu. Tukafanya hivyo siku nne. Alinipa maharage niokote, vibanio vya nguo nibane. Maharage yalitapakaa sakafuni, akayaokota yeye. Siku ya tano nilimuuliza kama kuna watu ambao haiwashiki kabisa. "Wapo," akasema. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, nikarudi Makutupora nikiwa sina hamu ya kula.

Jioni hiyo niliswali alasiri uani, nimechelewa. Nilipokaa kwenye tahiyatu nikainua kidole cha shahada, kama ninavyofanya mara nyingi kwa siku tangu utotoni bila kufikiri. Gumba likainuka. Likavuka kiganja, taratibu, likaja likasimama mbele ya vidole vingine. Nikakishusha kidole, likarudi. Nikainua, likaja. Mungu anisamehe, nilisahau niko rakaa ya ngapi. Mama Nyemo alitoka jikoni akanikuta nalia juu ya mswala, akaniuliza nani kafariki.

Kesho yake dada wa mazoezi alifurahi mpaka akawaita wenzake. Kisha akachukua pamba na pini, akaniambia nifumbe macho, akaanza kugusa vidole. Sikujua anagusa wapi. "Gumba litatembea vizuri zaidi ya hivi," akasema, "lakini kuhisi, mwalimu, hatuwezi kuhamisha. Jikoni uwe unatazama." Basi hicho ndicho nilichopata: gumba linalokwenda likitumwa, na halijui limegusa nini.

Mtera

Ningeweza kurudi nyumbani wiki hiyo. Nilipanda gari la upande wa pili, njia ya Iringa.

Niliagizwa nifanye mazoezi kila saa, kwa hiyo ndani ya basi nilinyoosha kidole, nikakikunja, nikakinyoosha. Mwanamke niliyekaa naye akavumilia mpaka tulipoacha mji nyuma. "Unamwonyesha nani?" akauliza. Nikamwambia ni mazoezi ya kano. Akatazama nje nilikokuwa naonyesha, palipokuwa vichaka vitupu, akachukua kapu lake akahamia kiti cha nyuma. Sikumlaumu.

Bwawani kulikuwa na upepo mkali na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na miti mikavu imesimama ndani ya maji hayo, imekufa tangu yalipoifunika. Nilinunua perege wa kukaanga kwa mama mmoja kando ya barabara nikamuuliza kama anamjua Hamisi kutoka Kondoa.

"Yule asiyeongea?" akasema. "Fuata njia hiyo mpaka kambini."

Alikuwa amekaa kwenye kreti lililopinduliwa, anachomoa vidagaa vilivyonasa kwenye wavu. Alikuwa amekonda na kuwa mweusi zaidi. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Upepo wa huku." Akatazama mkono wangu. "Gumba limepona?"

Nikanyoosha kidole cha shahada. Gumba likaja. Akaweka wavu chini.

"Tena."

Nikafanya tena. Akasogea, akalishika gumba langu, akaliminya ncha kwa ukucha wake mpaka ikawa nyeupe.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Hilo halihamishiki."

Akaliachia, akakaa, akauchukua wavu. Nikajua nikinyamaza sasa nitanyamaza mpaka kaburini.

"Hamisi, siku ile uliniambia nini kabla hujakata?"

"Mambo ya zamani hayo, dada."

"Uliniambia nini?"

"Nilikwambia toa mkono."

"Nami nikakujibu nini?"

Vidole vyake viliendelea na kazi. "Nilidhani ulisema umetoa," akasema mwishowe. "Baadaye nikaona nilisikia vibaya. Mtu hawezi kusema ametoa mkono na mkono uko pale."

"Hukusikia vibaya. Nilisema, 'Nimeshatoa, kata.' Nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu. Sikuangalia hata mkono ulipo. Uliuliza, nikakujibu, ukakata. Kosa ni langu."

Upepo ulipiga mabati ya kambi. Mtu mmoja alipita na ndoo, akatusalimu, hakuna aliyeitikia.

"Mama anajua?"

"Hajui. Hakuna anayejua."

"Miaka miwili, dada."

"Miaka miwili."

"Nilikuwa nikilala najaribu kuisikia tena sauti yako, nijue kama masikio yangu ni mazima." Aliyasema haya bila hasira, na ningependelea hasira. "Nikaogopa labda naanza kuchanganyikiwa. Ndiyo maana nikaacha kushika panga. Si kwa ajili ya mkono wako. Niliogopa masikio yangu."

Nikamwambia turudi nyumbani, nitasema yote mbele ya mama na mjomba, yeye akiwapo asikie.

"Sema," akajibu. "Hilo ni lako. Mimi nina kazi hapa." Kisha akaongeza, kama anayemwelekeza mgeni, "Magari ya Dodoma hupita mpaka saa kumi. Usichelewe."

Hakunisindikiza barabarani.

Nyumbani

Nilifika Jumatano. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nikawaketisha mama na mjomba Athumani, nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Mjomba aliuliza swali ambalo nanyi mtakuwa nalo mdomoni: "Mbona ulinyamaza?" Nilimjibu ukweli. Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili ilikuwa tayari ni aibu. Baada ya hapo ikawa mazoea, na Hamisi alinyamaza pia, nikajifanya kwamba kunyamaza kwake ni kukubali.

Mama aliinuka. Aliosha vyombo. Alipomaliza akaja mlangoni akauliza, "Mtera ni upande gani?"

Mwanamke yule ana miaka sabini na zaidi na alikuwa hajawahi kuvuka Kondoa mjini. Nilitaka kumsindikiza, akanikatalia. "Wewe umeshakwenda," akasema. Mjomba ndiye aliyempeleka mpaka stendi ya Kondoa, akamkabidhi kwa kondakta. Alifika. Alimwambia Hamisi kwamba hatarudi nyumbani bila yeye. Hamisi akamwambia kwamba yeye harudi. Basi mama akafungua furushi lake.

Hiyo ni wiki ya sita sasa. Ndiyo maana mnaiona nyumba yetu imefungwa mchana, na ndiyo maana wengine mmenisikia nikiwafukuza kuku wa mama kwa sauti ya mtu aliyechoka. Shuleni naendelea. Chaki naishika nusu ya kipindi, kisha gumba linachoka, nawaambia watoto wasome kwa sauti. Kikombe nakishika kwa mkono mmoja, nikikitazama.

Jana jioni mama alipiga kwa simu ya Hamisi. Alisema samaki wapo wengi, ila mlenda watu wa huko hawajui kuupika. Hamisi amemzibia upande wa kibanda kwa matete ili upepo usimpige. Wanakula sahani moja. Nikamuuliza watarudi lini.

"Muulize ndugu yako," akasema.

Nikamwomba anipe Hamisi. Nikasikia upepo, na sauti za watu, na simu ikipita kutoka mkono hadi mkono.

"Dada," akasema, "tunavuta wavu." Simu ikakatika.